Si Dawa, Ni Gome

Nikimkumbuka Mtafiti, kinachonijia kwanza ni ulimi wake. Akiletewa gome la mti, kabla hajalipima wala kuliwekea alama, alilikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, akautia ule unga ulimini, akafumba macho. Sisi tuliokuwa mezani tulinyamaza kama tuko kanisani. Akishafumbua anatema kwenye leso, halafu anasema mti huu umeota penye maji, au huu uliwahi kuungua moto. Mara nyingi alipatia. Kuna mchunga ng'ombe mmoja alimletea gome alilolibandua kwenye mlango wa zizi ili amjaribu. Mtafiti akalionja, akamwambia arudishe mlango wa watu, na kijana wa watu hakuonekana tena hotelini kwangu kwa aibu.

Alikuwa mwanamke. Nalisema mapema kwa sababu wengi wakisikia mtafiti wa chuo kikuu, wa miaka ile ya sabini, wanamwona mwanamume wa Kaunda suti. Huyu alivaa suruali na buti za mpira. Siku aliyoshuka kwenye basi la Arusha pale Karatu nilikuwa nakaanga maandazi kwenye hoteli yangu ya chai, kando ya barabara iendayo kreta ya Ngorongoro, na yote yaliungua. Mwanamke, suruali, peke yake, na gunia la magome begani! Akaagiza chai, akauliza kama kuna mtu mwenye chumba. Nikampeleka Rhotia, nyumbani kwa mama, ambako nami nilikuwa naishi baada ya ndoa yangu kuvunjika. Chumba kile akakifanya chake kila alipopanda huku, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku nilipomfukuza mwenyewe kwa mikono yangu.

Kwao hasa sikupajua na sikuuliza. Nilijua kwamba hajui kupika hata uji. Nilijua anaogopa ng'ombe, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kwa wafugaji. Ng'ombe akikohoa tu, Mtafiti ameshapanda juu ya kitu. Kanisani alikaa benchi la nyuma, akaimba kwa sauti kuliko wote, lakini wakati wa sala hakufumba macho. Nilipomsema alinijibu kwamba macho anayafumba akionja tu.

Kazi yake ilikuwa kutafuta ndani ya miti kitu kinachoweza kuua saratani. Siku moja akina mama waliotoka kusaga walimuuliza hotelini kwangu atajuaje gome limeua saratani bila kumnywesha mtu. Akasema kwamba huko ng'ambo, kwenye maabara waliyoshirikiana nayo, saratani yenyewe inafugwa. Zile chembe za uvimbe, yeye akiziita seli, zinatiwa kwenye vichupa, zinalishwa, zinazaana. Mwenye uvimbe wake huenda alishakufa zamani, zenyewe zipo tu zinakula. Mungu wangu. Mama mmoja mnene, jirani yetu pale Rhotia, akauliza zinakula nini. Mtafiti hakujua kuremba jibu. Akasema zinalishwa maji ya damu ya ndama, tena ndama ambaye hajazaliwa.

Hakuna aliyemaliza chai yake siku ile. Sisi ni watu wa ng'ombe, hata huku tunakolima. Habari ilivuka geti la Ngorongoro ikafika Endulen, kwa Wamasai, kabla ya Mtafiti mwenyewe, na Koko alipomwona akamwambia, kumbe ndiyo maana ugonjwa huo una nguvu, kama mnaulea kwa ndama.

Koko ni bibi, kwa Kimasai. Huyu alikuwa rafiki wa mama tangu ujana wao. Mama alimpelekea mahindi na maharage, kwa kuwa kule ndani ya hifadhi kulima walikatazwa, na Koko alimletea samli na maziwa. Mama ndiye aliyemkutanisha na Mtafiti. Koko alijua miti ambayo watu wake huchemsha kwenye supu ya nyama, na kulikuwa na mmoja aliokuwa akiusifu kuliko yote. Mti wenyewe siutaji, nisije nikawarudisha watu kuuchuna. Mtafiti alijichunia gome lake akalitia kwenye mifuko ya kitambaa aliyoishona mwenyewe. Koko naye akamletea lake, lililotwangwa, ndani ya kibuyu. Ilikuwa miaka ya uhaba. Chupa hakuna, mfuko wa nailoni ni mali, chai tunakunywa tukilamba pipi. Kibuyu kilikuwa kitu cha kawaida kabisa.

Mtafiti alikipenda kibuyu kile. Alikuwa mlevi wa maziwa ya Koko, yale yenye harufu ya moshi, na alipoonja gome la Koko alisema lina harufu ya Endulen. Lake mwenyewe, la mti huohuo, alisema halina.

Wengi wanaomkumbuka watakuambia alikuwa mkali wa maneno, kwamba ukiita gome dawa mbele yake anakukata kauli. "Si dawa, ni gome." Alimwambia hivyo mwenyekiti wa kijiji, alimwambia hivyo padri. Watoto wa Rhotia waliufanya mchezo, wanamwimbia akipita. Watu wanadhani alizaliwa na usemi ule. Hapana. Alianza kuusema baada ya siku moja ambayo mimi niliiona.

Siku hiyo alirudi kutoka ng'ambo. Hoteli yangu ilikuwa imejaa, ni siku ya mnada, Wamasai na Wairaqw na madereva wote wamo. Mtafiti akashuka kwenye basi na vumbi lake, akanikumbatia mbele ya watu, analia na kucheka.

"Limeua, dada. Gome la Koko limeua zote."

Nikapiga vigelegele. Sikujua hata nashangilia nini, nilimfurahia tu mwenzangu. Kabla jua halijafika utosini, mnada mzima ulikuwa unajua kwamba gome la Endulen linaua saratani. Mtafiti alipoona watu wanamfuata kuuliza bei, furaha yote ilimtoka usoni. Akaanza kusema pale pale, si dawa jamani, ni gome, lakini neno la kwanza lilikuwa limeshapanda magari.

Kesho yake asubuhi mama alinishika mkono akanipeleka chumbani kwake. Akafungua kanga. Kwenye titi la kushoto kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai, na ngozi yake imevutwa ndani kama kitovu. Nilikaa chini kwenye sakafu. Nililala nyumba moja na mwanamke huyu, nikala naye, nikamsuka nywele, nisijue. Nilipopata sauti nikamfokea, nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua, na maneno mengine ambayo mtu hamwambii mama yake. Yeye akacheka. Mama alikuwa ameniita moto wa mabua tangu utoto wangu, yale mabua ya mahindi tunayochoma baada ya mavuno, yanayowaka juu sana mpaka unadhani nyumba itaungua. Akaniambia nizime kwanza, halafu nikamletee gome kwa Koko.

Nilitaka aende Moshi, hospitali kubwa. Akakataa. Mdogo wake alikatwa titi huko akarudishwa kwenye jeneza, na mama ndiye aliyempokea. Nikamwita Mtafiti amsemeshe. Mtafiti alipoona ule uvimbe alishika ukuta. Akamsihi, akamwambia chupa si mtu, mama, hata sabuni inaua kwenye chupa.

Mama akamtazama kwa upole. "Mwanangu, wewe ulilia kwa furaha mbele ya mnada mzima. Mtu halii hivyo kwa ajili ya sabuni."

Sijawahi kumwona mtu akitafunwa na maneno yake mwenyewe kama siku ile.

Basi nikawa mtu wa Endulen. Napakia mahindi kwenye gari lolote linalopanda, narudi na kibuyu cha gome. Nachemsha, mama anakunywa kila asubuhi, uso unakunjamana. Mwanzoni nilichemsha kwa hasira. Halafu siku moja mama akasema anaona uvimbe umepungua. Nikashika, nikaona kweli umepungua. Naapa niliona. Tangu hapo nikaliamini lile gome kuliko mama mwenyewe. Mtu akiniambia Moshi, namwona mchawi.

Mtafiti naye alikuwa na shida yake. Gome lake la mifukoni, walipolijaribu huko, halikuua kitu. Gome la Koko, kila likienda, linaua. Mti mmoja, upande mmoja, msimu mmoja! Akaamini Koko ana siri. Akamuuliza huchuna saa ngapi, huombaje, huchanganya nini. Koko akajibu kwamba hachanganyi kitu. Aliulizwa tena na tena mpaka akakasirika, akasema yeye si mwongo na hajazoea kuhojiwa kama mwizi wa ng'ombe. Ilibidi mama awapatanishe.

Siri ilikuwa jikoni kwetu. Kiangazi kimoja, asubuhi, Mtafiti amekaa kwenye kigoda anakunywa chai, mimi naandaa maharage ya kumpelekea Koko. Nikachukua kibuyu, nikatoa motoni kijinga cha oloirien, ule mzeituni pori ambao Wamasai husafishia vibuyu vya maziwa, nikakiingiza ndani, nikasugua mpaka moshi ukajaa na masizi yakashika kotekote. Mtafiti akaniuliza mbona nakifukiza na si cha maziwa.

Mama ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni. Alisema kibuyu kinachokwenda kwa mtu wa heshima hufukizwa, ukitie maziwa, ukitie maharage, ukitie gome. Koko ndiye aliyemfundisha hivyo. Kumpa mtu kibuyu kisichofukizwa ni kumwambia humjali.

Mtafiti akaweka kikombe chini. Akakichukua kibuyu mikononi mwangu, akaingiza kidole, akakitoa cheusi, akakitia ulimini. Akafumba macho. Nikangoja ateme. Hakutema, alimeza. Alipofumbua, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Hii ndiyo harufu ya Endulen," akasema.

Nikadhani anasifu kibuyu changu. Mama alimtazama tu. Mtafiti akachukua begi lake, akaondoka na lori la mahindi bila kumaliza chai.

Alirudi masika yamekwisha. Hakupita hotelini. Nilimkuta Rhotia amekaa na mama nyuma ya ghala la mahindi, wanaongea chini chini, magoti ya Mtafiti yamejaa udongo. Waliponiona wakanyamaza. Mama akainuka, akajipangusa, akaniambia leo umechelewa kunipa gome langu. Nikampa, akanywa lote mbele yetu, akasema Mungu awabariki wote wawili. Mtafiti alikuwa anatazama ardhi.

Tangu siku ile alibadilika. Alikuja kwa nadra. Hakuonja kitu. Nikimletea habari kwamba leo mama kalala vizuri, ananijibu vema dada, bila kuniangalia. Nikaona ni wivu tu. Nikasema anamwonea Koko wivu kwa sababu msomi kashindwa na bibi wa Endulen, na nilisema kwa sauti hotelini ili asikie. Nadhani alisikia.

Mama alifariki wakati mahindi yanachanua. Mwishoni uvimbe ulikuwa umehamia kwapani, mkono wote umejaa maji, na bado kila asubuhi aliniomba gome. Mgonjwa haulizwi uji, nilimpa. Alikunywa kikombe cha mwisho nikiwa nimemshika kichwa, akaniambia limesaidia sana.

Sasa msibani. Watu walijaa, Rhotia yote, na Koko alishushwa na gari la misheni, amejifunika shuka. Tukazika. Padri akamaliza, ukafika wakati wa salamu za rambirambi. Nikamwona Mtafiti anapita katikati ya watu na buti zake, anasimama kichwani pa kaburi. Nikajua atasema alivyopendwa na mama. Akasema gome si dawa.

Akasema kwa sauti ileile ya kuimbia kanisani. Kwamba kilichoua kwenye vichupa si gome, ni masizi ya vibuyu. Kwamba ameyajaribu masizi peke yake, bila gome, na yameua vilevile, na yanaua seli nzuri kama yanavyoua mbaya, kwa hiyo si tiba ya mtu yeyote. Kwamba kosa ni lake na si la Koko. Na kwamba mwenye uvimbe hapa, aliyekuwa akingoja kuona mama atapona au la, asingoje tena, kesho aende Moshi.

Koko alivuta shuka akafunika uso. Mama yangu hata udongo haujashika, na huyu anatangaza kwamba alikunywa masizi! Nikamrukia. Nikamshika kola, nikamkokota mpaka barabarani, nikamwambia amemla mama yangu mara mbili, mara moja kwa uongo na mara moja kwa ukweli. Nikaenda chumbani kwake, nikatoa magunia yake ya magome, nikamtupia yote njiani. Alikuwa mrefu kuliko mimi na mwenye nguvu. Hakunyanyua mkono. Aliokota begi moja, akaondoka kwa miguu kuelekea Karatu.

Yule jirani yetu mnene, aliyeuliza seli zinakula nini, hakurudi kwake siku ile. Kumbe naye alikuwa na uvimbe, naye alikuwa anamtazama mama aone. Alitoka msibani akaenda kuaga watoto, akaenda Moshi, akakatwa. Yupo hai mpaka leo, ananunua maandazi kwangu na kulalamika kuwa madogo. Kwa miaka mingi kila nikimwona nilifurahi na nikaumwa kwa wakati mmoja.

Koko hakuleta kibuyu tena. Na mimi, mtu akimtaja Mtafiti hotelini, namnyima chai.

Mwishoni mwa miaka ya themanini Karatu ilianza kujaa magari ya watalii. Hoteli nikaipaka rangi nikaandika jina la Kizungu. Mchana mmoja mwanamke mwenye mvi, kavaa ndala, akaingia akakaa meza ya pembeni. Sikumtambua. Nikamletea chai, akanywa funda la kwanza, akafumba macho.

Nikataka kumkokota nje kama siku ile. Badala yake nikasikia sauti yangu inamuuliza kile nilichokuwa nimekiweka kifuani miaka yote.

"Kwa nini pale? Kwa nini kaburini?"

Akafumbua macho. "Aliniambia mama yako."

Nikamwambia asimsingizie marehemu.

Akasema polepole, bila kujitetea. Kwamba siku ile nyuma ya ghala alimpigia mama magoti, akamwambia yote, masizi na vichupa, akamsihi waondoke siku hiyohiyo kwenda Moshi. Mama akamwambia ameshaelewa tangu jikoni. Akamwonyesha kwapa, uvimbe umeshafika huko. Akasema Moshi haendi, atafia kitandani kwake, na gome ataendelea kunywa.

"Nikamuuliza anakunywa la nini, kama anajua si dawa. Akaniambia, 'Anayetibiwa na gome hili ni mwanangu. Nikiliacha, atalala chini kabla yangu.'"

Asubuhi zote zile. Uso unakunjamana, halafu umepungua, halafu limesaidia sana.

"Akaniapisha ninyamaze akiwa hai," Mtafiti akasema. "Akasema, 'Nikishazikwa, sema pale pale kaburini, kwa sauti, maana kuna wanawake wananingoja mimi.' Nikamwambia mwanao ataniua. Akasema, 'Huyo wangu ni moto wa mabua. Atawaka, usimjibu. Akizima, rudi umwambie.'"

Neno lile hakuna mtu wa nje aliyelijua. Lilikuwa la nyumbani, kati yangu na mama, halikuwahi kutoka mlangoni.

Nikamuuliza kwa nini amekaa miaka yote hii bila kuja kuniambia. Akasema alipita mara kadhaa na basi, akachungulia dirishani, akaona bado nawaka.

Wateja walikuwa wananiita, mmoja anataka chai, mwingine anataka chenji yake, na mimi nimesimama tu. Mtafiti akaanza kuinuka, akidhani namfukuza tena. Nikamkandamiza bega akakaa. Nikaingia jikoni, nikatungua kibuyu cha mama kilichokuwa kimekauka ukutani, nikatafuta kijinga cha oloirien kwenye moto, nikatoka nacho mpaka mezani pake, nikakifukiza mbele yake.